Sidiria namba ngapi? Maana ya saizi, na kwa nini wastani wa nchi moja haulingani na wa nyingine

Kwenye maduka ya Ngamiani, Tanga, swali ni lilelile: "Dada, unavaa namba ngapi?" Jibu nalo fupi: 36, au 38, basi. Hiyo ni nusu ya saizi. Saizi kamili ya sidiria (brazia, kwa wauzaji wengi) ina vipande viwili. Namba inatokana na mzunguko wa kifua chini ya matiti, pale mkanda unapokaa. Herufi ni tofauti kati ya mzunguko huo na ule unaopita usawa wa chuchu. Kwa hiyo herufi ikisimama peke yake haikuambii ukubwa wa titi: kikombe cha 32D ni kidogo kuliko cha 40D, na ujazo wake ni sawa na wa 34C au 36B.

Hapa ndipo zinapokwama zile ramani za "wastani wa matiti duniani" zinazozunguka kwenye simu. Zinapaka nchi rangi kwa herufi, hii A, ile D, kana kwamba dunia nzima inapimwa kwa utepe mmoja.

Tuchukue mwanamke mmoja: chini ya matiti sentimita 80, usawa wa chuchu 95, tofauti 15. Kwa kipimo cha Ulaya, B ni tofauti ya sentimita 14 hadi 16, na kila herufi hupanda kwa sentimita 2. Yeye ni 80B. Akivuka mpaka kuingia Ufaransa, namba inaongezwa 15, anakuwa 95B. Australia wanatumia namba za magauni: 14B. Japani A inaanzia tofauti ya sentimita 10 na kupanda kwa 2.5, na herufi hutangulia, hivyo huko anaitwa C80.

Uingereza na Marekani wanahesabu kwa inchi, herufi moja kwa kila inchi, na hapo vurugu ndiyo kubwa. Kanuni ya zamani inaongeza inchi 4 kwenye mzunguko wa chini. Inchi zake 31.5 zinafika 36, na kifua chake cha inchi 37.4 kinaizidi namba hiyo kwa inchi moja na kitu: A au B. Wapimaji wengi wa siku hizi hawaongezi chochote. Mkanda 32, tofauti inchi 5 na ushei: 32DD. Mwanamke ni yuleyule, hajanenepa hata kilo moja.

Basi mwaka 2007, kampuni ya sidiria ya Triumph ilipotoa takwimu za Ulaya, Uingereza zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa D, Italia kama mmoja kati ya kumi. Watu waliandika mengi kuhusu miili ya Waingereza. Wachache walikumbuka kwamba Mwitaliano kwa desturi hununua "ya pili", "ya tatu" au "ya nne", yaani namba bila herufi, na herufi ikiachwa huchukuliwa kuwa B. Takwimu za namna hii zinapima duka kabla ya kupima kifua.

Si kwamba miili haitofautiani. Titi ni tezi na mafuta, na sehemu ya mafuta hufuata uzito, ingawa si kwa kila mtu kwa kiasi kilekile. Nchi ambayo watu wake wamenenepa, wastani wake hupanda. Ongeza urithi, umri, mimba na kunyonyesha, hata siku za mwezi. Lakini ndani ya mtaa mmoja wa Tanga utakuta tofauti kubwa kuliko ile inayotajwa kati ya wastani wa nchi na nchi.

Madukani kwetu sidiria mpya nyingi zinatoka China, lebo ikiwa na namba mbili: 34/75, 36/80, 38/85. Zisomwe kama saizi moja kwa vipimo viwili. Za bei rahisi hazina herufi kabisa, na kikombe chake huwa karibu na B. Mwenye mgongo mwembamba na matiti makubwa hulazimika kupanda namba ili apate kikombe, kisha mkanda unampwaya. (Za mitumba TBS, shirika la viwango la Tanzania, imezipiga marufuku, ingawa mezani bado huzikosi.)

Kujipima kunahitaji utepe wa fundi cherehani. Zungusha chini ya matiti, utepe uwe sawa mbele na nyuma, toa pumzi, kaza kiasi. Kisha pima usawa wa chuchu bila kubana, ukiwa umevaa sidiria isiyo na sponji. Sponji inaongeza sentimita ambazo si zako.

Ukishaivaa, tazama mgongo kwanza. Mkanda ukipanda juu, ni mkubwa kwako: shuka namba moja, panda herufi moja, yaani kutoka 38B kwenda 36C. Kamba zikichimba mabega, mara nyingi kosa ni hilohilo, mkanda haubebi mzigo na mabega yanaubeba. Nyama ikimwagika juu ya kikombe, panda herufi. Kitambaa kikikunjana, shuka. Sidiria mpya ifungwe kwenye tundu la nje kabisa, kwa sababu mpira hulegea, na kwa joto na jasho la kaskazi hulegea mapema. Ya ndani ni akiba. Usiifue kwa dawa ya kuondoa madoa, inakula mpira.

Mama anayenyonyesha apime maziwa yakiwa yamejaa. Akipima titi likiwa tupu atanunua kikombe kidogo, na kikombe kinachobana, hasa chenye waya, kinaweza kuziba njia za maziwa.