Umonaki: mtu wa peke yake aliyeamua ugomvi

Juni 324, mkulima wa kijiji cha Karanis nchini Misri, jina lake Isidoro, alipeleka mashtaka serikalini. Ng'ombe wa majirani alikuwa ameingia shambani mwake akala mimea. Isidoro akamkamata, na alipokuwa akimswaga kwenda naye kijijini, wenyewe wakamkuta njiani na rungu, wakamwangusha, wakampiga na kumnyang'anya ng'ombe. Wangemuua, anasema, lau si shemasi Antonino na Isaka "monachos" waliotokea hapo. Katika hati za kila siku zilizosalia, huyo Isaka ndiye mmonaki wa kwanza kutajwa.

Neno hilo la Kigiriki latokana na monos, yaani peke yake. Sisi tumezoea kusema mtawa, na kutawa ni kukaa ndani, usionekane na watu, kama walivyotawa zamani mabibi wa pwani. Siku hizi Wakatoliki humwita mtawa yeyote mwenye nadhiri, hata sista anayefundisha shule. Mmonaki ni yule wa monasteri. Lakini Isaka hakutawa. Yuko njiani, anaamulia watu. Inaelekea upweke uliokusudiwa mwanzoni ulikuwa wa kutooa na kutofungwa na mali, si wa kuyakimbia makazi.

Ndiyo maana kumwita Antoni, mkaapweke mashuhuri wa Misri, mmonaki wa kwanza, kama wengi tulivyofundishwa, si sahihi sana. Wasifu wake ulioandikwa na Atanasi, askofu wa Aleksandria, wenyewe unakataa. Kijana huyo alisikia kanisani maneno ya Injili, "uza ulivyo navyo, uwape maskini", akaachana na shamba la urithi, ekari 200 hivi. Umbu lake mdogo alimkabidhi kwa mabikira waliojitoa kwa Mungu. Kumbe walikuwapo tayari! Naye akaenda kujifunza kwa mzee wa kijiji jirani aliyeishi hivyo tangu ujana. Jipya la Antoni ni umbali: kwanza makaburini, kisha miaka karibu 20 ndani ya ngome iliyohamwa, mwisho mlimani upande wa Bahari ya Shamu, alikofariki mwaka 356. Kujitenga huko Wagiriki wa Misri walikuita anachoresis, neno lilelile walilolitumia kwa mkulima aliyetoroka kijiji kwa kulemewa na kodi. Mkaapweke alikuwa mtoro wa aina yake.

Kati ya upweke kamili na maisha ya pamoja palikuwa na njia ya tatu, huko Nitria na Sketi, magharibi ya mto Nile. Kila mmoja na kibanda chake, akisokota kamba na kusuka vikapu vya makuti huku akinong'ona Zaburi. Jumamosi na Jumapili walikutana kwa ibada na chakula.

Aliyewaweka watu ndani ya ukuta mmoja ni Pakomi. Alikuwa ameshikwa kwa nguvu kuingia jeshini, akafungiwa pamoja na vijana wenzake, na usiku Wakristo wasiomjua wakawaletea chakula. Hakuisahau sahani ile. Baada ya kubatizwa na kuishi miaka kadhaa chini ya mkaapweke Palamoni, alianzisha Tabennisi, kando ya Nile, mnamo miaka ya 320. Hapo kulikuwa na mlinda mlango, nyumba zenye wasimamizi, kazi za mikono, meza moja, na kanuni iliyoandikwa. Asiyejua kusoma alifundishwa, hata kama hataki. Maisha hayo yanaitwa kenobio, na hadi Pakomi anafariki mwaka 346 monasteri zake zilikuwa tisa za wanaume na mbili za wanawake.

Za wanawake zilianza hivi. Umbu lake Maria alikuja kumtazama. Pakomi hakutoka, alimtuma bawabu amwambie kwamba yu hai, asihuzunike kwa kutomwona, na akipenda maisha hayo ndugu watamjengea mahali. Maria alilia, kisha akakubali. Wakamjengea, wanawake wakaja mmoja mmoja, akawa mama yao.