Mawese yakiganda, musimsingizie mama wa soko

Kila kiangazi, baridi ikishuka Bukavu, maneno ni yaleyale: "Bidoni ya mafuta imeganda, basi wamechanganya kitu kingine ndani." Hapana. Karibu nusu ya asidi za mafuta ndani ya mawese ni zile zilizoshiba, hasa palmitiki, na hazitaki baridi: zinaganda upesi. Kule Uvira na Fizi, kandokando ya Tanganyika, joto linayalegeza. Yakipandishwa hadi mita 1,500 hapa kwetu, kwenye usiku wa nyuzi 15, mulitaka yafanye nini? Kanola ya chupa, mafuta ambayo munayasifu eti ni safi kwa sababu hayagandi, ina asilimia 7 tu hivi ya asidi hizo. Usafi haumo katika hesabu hiyo.

Zile tabaka mbili munazoziona ndani ya bidoni pia si wizi. Mafuta yakipoa polepole, sehemu ngumu, stearini, inafanya chembechembe za manjano na kuzama; oleini inabaki juu, nyekundu na nyepesi. Viwanda vinanunua mitambo ya kutenganisha hivyohivyo. Kinachoniudhi ni kumimina ya juu bila kutikisa kwanza: mteja wa kwanza anabeba oleini, wa mwisho anakwanguliwa stearini, halafu analalamika. Na ana haki! Simamisha bidoni nzima ndani ya beseni la maji ya moto, nyuzi 50 hadi 60, usiiweke motoni, ngoja yayeyuke yote hadi katikati, tikisa, ndipo upime. Litra 20 zikiyeyuka hivyo ni kilo 18 hivi, kwa hiyo anayedai bidoni ya mafuta ni kilo 20 anakuuzia hewa.

Ubovu wenyewe unaanza kwenye ngazi, yaani matunda ya mchikichi. Tunda likichubuka, lipasi, kimeng'enya kilichomo ndani yake, inaanza kuvunja mafuta, na asidi huru, ile inayotoka kwenye mafuta yaliyovunjika, inapanda. Biashara kubwa inakomea asilimia 5 ya asidi hiyo. Kulaza mikungu siku nyingi ili ngazi zipukutike kirahisi ni kuinunua asidi hiyo. Chemsheni ngazi mapema, joto linaua lipasi. Mukishakamua, kausheni mafuta: maji yaliyobaki yanaendeleza ubovu. Pasha kijiko kimoja. Kikitatarika, maji yamo.

Ukali wa kooni unakuonya, lakini ulimi hautoi asilimia, hata wangu. Na kuganda hakuthibitishi kwamba hayakuchanganywa. Hapo inabaki maabara.