Anga za juu hazina mwenyewe, lakini zina sheria: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: Nchi za ikweta ndizo zenye haki ya anga lililo juu yake.

Ukweli: Dai hili si la kubezwa, kwani liliwahi kutolewa na serikali zetu wenyewe. Mwaka 1976, mjini Bogotá nchini Kolombia, Kenya, Uganda na Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ziliungana na nchi nyingine za ikweta kudai sehemu ya mzingo, yaani njia ya setilaiti kuizunguka Dunia, ulio kilomita 35,786 juu yao, mahali ambapo setilaiti huonekana kama imetulia angani. Dai halikukubaliwa, kwa sababu Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kumiliki anga hizo, Mwezi au sayari. Hata hivyo manung'uniko yalikuwa ya haki, kwa kuwa nafasi za mzingo zilikuwa zikichukuliwa na aliyewahi, na aliyewahi alikuwa tajiri. Mwaka 1988 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipitisha mpango unaoitengea kila nchi angalau nafasi moja.

Dhana potofu: Mkataba unazibana serikali tu, kampuni binafsi ziko huru.

Ukweli: Ibara ya 6 inaiwajibisha kila nchi kwa shughuli za kampuni zake, na inaitaka izipe idhini na kuzisimamia.

Dhana potofu: Chuma kikianguka kutoka angani, hakuna wa kuulizwa.

Ukweli: Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha meta 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Ingeangukia nyumba ya mtu, Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 ungeilazimu nchi iliyorusha chombo ilikotoka pete hiyo kulipa fidia, hata kama haikufanya uzembe wowote. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia, iliposambaratika juu ya Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai takriban dola milioni 6 za nchi hiyo, na mwaka 1981 ikakubaliwa kulipwa milioni 3. Ugumu wa kweli ni kumtambua mwenye chuma, maana pete kama ile haina bendera wala jina, na ndiyo maana wajibu wa kila nchi kusajili inachorusha, uliowekwa na mkataba wa mwaka 1975, unamhusu mkulima wa Makueni moja kwa moja.