Je, wajua kwanini rubani wa ndege za bei chee anaweza kulipwa sawa na wa shirika kubwa?

Watu wengi wakiona tiketi ya London mpaka Dublin inauzwa euro 20, akili inawaambia moja kwa moja kwamba huyo rubani atakuwa analipwa hela ya mboga tu. Sio kweli, piga hesabu uone. Chukulia kapteni analipwa euro 200 kwa saa na msaidizi wake 100, jumla 300, na ndani ya Boeing 737 kuna abiria 180, maana yake kila abiria kawalipa wale wawili chini ya euro 2 kwa saa nzima ya safari. Namba za mshahara hapo ni za mfano, ila unaona mwenyewe kwamba unafuu mkubwa wa haya mashirika hautoki mfukoni kwa rubani, unatoka kwenye ndege kutokaa chini: ikitua, ndani ya kama dakika 25 abiria wameshashuka wengine wamepanda inaondoka tena, viti vimebanana, na shirika linatumia aina moja ya ndege ili mafundi na marubani wasisomeshwe mara mbili mbili.

Angalia Southwest ya Marekani, ilianza kuruka 1971 kule Texas na ndo imekuwa mfano wa wenzake duniani. Januari 2024 marubani wake kupitia chama chao SWAPA walipitisha mkataba mpya unaothaminiwa dola bilioni 12, mishahara inapanda karibu asilimia 50 mpaka mwisho wa mkataba, na nyongeza kubwa ya asilimia 29 ilianza hapo hapo. Kwa ndege za ukubwa ule ule mishahara yao iko sambamba na ya marubani wa Delta na United, mashirika makubwa ya Marekani. Kwahiyo bei ya tiketi haikuambii mshahara, kinachokuambia ni mkataba umeandikwaje na nani alikaa mezani kuuandika.

Sasa hapo kwenye mkataba ndo kuna mambo. Kwenye mashirika mengi hela ya rubani ina vipande viwili, mshahara wa msingi na malipo ya kuruka, na malipo ya kuruka yanahesabiwa ndege ikiwa kwenye mwendo, ule muda wa kukagua ndege asubuhi au kusubiri abiria mara nyingi hauhesabiwi. Ni kama dereva wa daladala, kituoni hapati kitu, anakula kwa tripu. Ulaya sheria hairuhusu rubani kupita saa 900 angani kwa mwaka, na wa bei chee huwa wanasogea karibu kabisa na hapo, tripu nne kwa siku ni kawaida, ndo maana mwisho wa mwezi kinaonekana kitu. Ila kapteni wa shirika kubwa anayeenda safari moja ndefu ana posho ya kulala nje na mara nyingi pensheni nono, na kwenye kulinganisha watu wanasahau kuvihesabu. Wa Ryanair, shirika la bei chee la Ireland, naye ana faida yake, ratiba yao maarufu ni siku tano kazini nne nyumbani na jioni karibu zote analala kwake, kwa mwenye watoto hiyo sio kitu kidogo hata kidogo.

Kinachoniuma mimi ni ule mtindo wa rubani kutokuwa mwajiriwa kabisa. Kwa miaka mingi marubani wengi wa Ryanair waliajiriwa kupitia mawakala, kwenye makaratasi wanaonekana kama wamejiajiri wenyewe, hakuna kuruka hakuna malipo, ukiumwa ni juu yako, likizo ni juu yako. Septemba 2017 shirika likavurugikiwa na ratiba za likizo za marubani, maelfu ya safari yakafutwa, marubani wakagundua kumbe wana nguvu, na Desemba ile ile baada ya tishio la mgomo Ryanair ikakubali kwa mara ya kwanza kuvitambua vyama vya wafanyakazi. Agosti 2018 wakagoma nchi tano kwa siku moja. Halafu corona ikaja, 2020 wakakubali kukatwa asilimia 20, lakini angalau walikuwa na watu wa kukaa nao kujadili irudi lini.

Gharama ya mafunzo nayo iangalie vizuri. Leseni peke yake haitoshi, kila aina ya ndege ina kozi yake, na Ulaya kozi ya Boeing 737 au Airbus A320 inaweza kufika euro 30,000. Kuna shirika linakulipia halafu linakufunga kwa mkataba miaka kadhaa, kuna lingine unalipa mwenyewe, kwahiyo mshahara unaoonekana mkubwa kwenye tangazo unaweza ukawa unalipa deni tu miaka ya mwanzo.

Na shirika lenyewe litakuwepo? Fastjet tuliyoipanda Tanzania tangu 2012 ilisimama kuruka Desemba 2018. Spirit ya Marekani ilisimamisha marubani 2024 na Novemba ikaomba mahakama iilinde na wadai wake kwa kufilisika, na kule ukihamia shirika jingine unaanza chini kabisa kwenye orodha ya ukongwe kazini hata kama ulikuwa kapteni miaka 15, mshahara unaanza chini, ratiba nzuri wanachagua wenzako.

Vijana wengi wa kwetu macho yao yako Ghuba, mfano flydubai inayokuja mpaka Dar na Zanzibar. Kule Falme za Kiarabu, nchi ya flydubai, mshahara haukatwi kodi ya mapato, na mikataba ya huko kwa kawaida inakuja na posho ya nyumba, ni hela ya maana kabisa. Lakini marubani wa Kenya Airways kupitia chama chao KALPA walipogoma Novemba 2022 wakidai pamoja na mengine michango yao ya mfuko wa akiba ya uzeeni irudishwe, walikuwa na chama, wakati Falme za Kiarabu vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi, kwahiyo siku mafao yakipunguzwa unaenda kuongea na mwajiri ukiwa peke yako.