Je, wajua kwa nini hewa ya Surat huchafuka Desemba na kutakata Julai?

Surat, mji wa jimbo la Gujarat magharibi mwa India, ni mji wa vitambaa. Viwanda vyake vya kutia rangi na kuchapa nguo za poliesta huchoma makaa ya mawe na linyiti, aina ya makaa ya kahawia yenye nguvu ndogo, ili kupata mvuke, mwezi baada ya mwezi. Kuelekea baharini, huko Hazira karibu na mdomo wa mto Tapi, kuna viwanda vikubwa vya chuma na vya kemikali. Kazi ni ya mwaka mzima, lakini mwezi wa Julai anga huwa limeoshwa, na Desemba asubuhi jua huchomoza likiwa limefifia nyuma ya utusitusi.

Mtu angedhani viwanda huongeza kazi wakati wa baridi. Sivyo. Tena vingi hufungwa kwa likizo ya Diwali, Oktoba au Novemba, wafanyakazi wakarudi kwao. Kinachobadilika zaidi ni nafasi ambayo moshi unapewa kutawanyika.

Mchana wa Aprili au Mei jua huichoma ardhi, ardhi nayo huipasha joto hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo hupanda ikiwa imebeba moshi hadi kilomita mbili au zaidi. Usiku wa Desemba mambo hupinduka. Mbingu haina mawingu, ardhi hupoteza joto upesi, na hewa inayoigusa hupoa kabla ya ile ya juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Juu yake hukaa tabaka lenye joto zaidi, likiifunika kama kifuniko cha sufuria. Moshi wote wa usiku, wa viwanda, wa malori, wa takataka na kuni zinazochomwa ili watu wapate joto, hubanwa katika mita mia chache tu kutoka ardhini. Ndiyo maana saa mbili asubuhi, magari yakiwa yamejaa barabarani na kifuniko hakijafunguka, hewa huwa mbaya kuliko saa tisa alasiri.

Upepo nao hausaidii. Miezi ya baridi huvuma kwa upole kutoka bara, ukileta vumbi na moshi wa sehemu nyingine za India. Huo ndio upepo ambao, ukishavuka bahari, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunauita kaskazi, uliokuwa ukisukuma majahazi ya Gujarat kuja Mombasa na Zanzibar.

Mwezi wa Juni upepo hugeuka, na hapa kisa kinatuhusu zaidi. Kusi inayovuma pwani yetu huvuka ikweta, hupinda mbele ya Somalia, kisha hukata Bahari ya Arabu kuelekea India. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza kwa kina mkondo huo wa upepo wenye kasi unaopita chini chini kando ya Afrika Mashariki, na leo unaitwa kwa jina lake. Ukifika Gujarat huwa umeshiba unyevu wa bahari na una vumbi kidogo tu la viwandani. Husukuma moshi wa mji kwenda bara, na mvua zake, ambazo karibu zote hunyesha kati ya Juni na Septemba, huangusha chini chembechembe zilizobaki.

Msimu wa joto uko katikati, na mara nyingi watu huusahau. Moshi hupanda juu, kweli, lakini upepo mkavu huinua vumbi la jangwa la Thar na la nyika za chumvi za Kutch, na jua kali hupika gesi za magari na viwanda zikawa ozoni, ambayo haionekani kwa macho lakini huwasha mapafu.

Zinazotisha zaidi ni chembechembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, ndogo sana kuliko unene wa unywele, kwa sababu hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi wastani wa maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku. Kipimo cha India ni 60. Kwa hiyo mji unaweza kutimiza sheria ya nchi na bado ukawa na hewa yenye chembechembe mara nne ya ushauri huo.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuamuru upepo, Surat ilijaribu kupunguza moshi wenyewe. Mwaka 2019 bodi ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi ilianzisha soko la vibali: jumla ya vumbi linaloruhusiwa kutoka kwenye mabomba ya moshi huwekewa kikomo, vipimo hukaa kwenye mabomba muda wote, na kiwanda kilichopunguza sana humuuzia kibali aliyeshindwa. Watafiti walilinganisha viwanda vilivyoingia sokoni na vilivyobaki chini ya utaratibu wa zamani, wakakuta vile vya sokoni vimepunguza vumbi kwa asilimia 20 hadi 30. Binafsi naona hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, maana punguzo hilo lina faida ndogo Julai, upepo unapofagia kila kitu, na faida kubwa katika zile asubuhi za Desemba na Januari ambapo kila gramu inayotoka kwenye bomba hubaki palepale mjini hadi jua lipande.