Maji ya Nyumba Yako Hayaishii Uani

Masika ikikaribia, barazani kwetu Ng'ambo, mitaa ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe, huzuka maneno yale yale: mtaro umejaa, Manispaa haionekani, mwaka huu tena tutahamisha vyombo. Siyadharau malalamiko hayo. Nimeshaamka usiku wa manane nikakuta godoro la wanangu limerowa maji ya njiani. Lakini mengi tunayoyaamini kuhusu nani anauharibu mtaa na nani wa kuutengeneza si kweli, na takriban yote yanahusu maji.

"Mtaro ni wa Manispaa, mimi haunihusu"

Mtaro umejengwa na serikali, ndiyo, lakini kinachouziba kinatoka majumbani. Mwaka jana tuliinua vifuniko viwili mbele ya nyumba ya bibi jirani yangu. Kwa pauro zikatoka chupa za maji, pampasi, makumbi ya nazi na kipande cha kanga. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na kweli haikuwa mingi. Kilichotuvunja mgongo ni kilichokuwa chini kabisa: mchanga, umeshindiliwa kama sakafu. Niliutambua. Ulikuwa mchanga wa ujenzi niliouacha nje kwangu miezi minne nikimsubiri fundi, na kila mvua ilipopita iliuchukua kidogo kidogo hadi mlangoni kwa bibi yule.

Kwa hivyo anayejenga aufunike mchanga wake kwa turubai na auzungushie matofali. Na tope linalotolewa mtaroni lisiachwe ukingoni, maana mvua ya kwanza hulirudisha humo humo. Sheha, kiongozi wa mtaa, aambiwe mapema, Januari au Februari, gari la kuzoa litafutwe kabla watu hawajashika pauro. Mvua kubwa huanza Machi, na wakati huo kila shehia inaomba gari.

"Ua ukisakafiwa wote ndio usafi"

Saruji inapendeza kufagia, hilo sikatai. Ila maji yaliyokuwa yakizama uani kwako sasa yanakwenda kwa jirani aliye bondeni, tena yote kwa pamoja. Unguja haina mito mikubwa. Tunakunywa maji ya chini ya ardhi na ya chemchem. Hata Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipotaka kuwapatia watu wa mjini maji ya bomba aliyatoa kwenye chemchem za upande wa Bububu. Maji hayo ya chini ni mvua iliyopata pa kuzama. Bakisha kipande cha udongo, panda mkomamanga au mlimau, na mlizamu wa paa uelekeze kwenye pipa lenye mfuniko badala ya kuuacha umwage uchochoroni.

"Karo limefukiwa, halimdhuru mtu"

Hapa ndipo ninapoomba tusikilizane zaidi. Sehemu kubwa ya Ng'ambo haina mabomba ya maji machafu, kila nyumba ina karo lake, yaani shimo la maji machafu, au choo cha shimo. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe lililojaa matundu na nyufa, na maji hupita humo bila kuchujwa vya kutosha. Kinachovuja kwenye karo lako kinaweza kufika kwenye kisima cha mwenzako bila harufu wala rangi. Kipindupindu kimeshatutembelea mara nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mafuriko hukisaidia sana. Ushauri wa kawaida ni kuacha angalau mita 30 baina ya choo na kisima, na penye mwamba wenye nyufa hata hizo si dhamana. Viwanja vyetu vingi havina nafasi hiyo, ndiyo maana maji ya kisima cha mtaani yachemshwe au yatiwe dawa, na karo linyonywe kabla halijafurika, si baada.

Halafu kuna mbu. Wengi husema wanatoka kwenye majani marefu. Majani huwapa kivuli tu. Mayai hutagwa majini. Mbu anayeeneza matende na mabusha huku kwetu hupenda maji machafu ya choo na karo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za povu la plastiki, mfano wa zile zinazokinga televisheni ndani ya boksi, kwenye vyoo vya shimo vya Makunduchi vilivyokuwa na maji. Zikaelea, zikatanda juu. Viluwiluwi wakakosa pumzi na mbu jike akakosa pa kutaga. Wananchi nao wakapewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana, na mimi huwa nakumbuka jambo moja: kazi ile ilifanyika choo kwa choo, nyumba kwa nyumba. Wewe unahitaji mfuniko usio na ufa na wavu juu ya bomba la kupumulia. Mbu wa homa ya dengi ni mwengine: huuma mchana, huzaliwa kwenye maji yaliyotuama katika kifuu, tairi au mtungi, na haruki mbali. Akikuuma, huenda amezaliwa kwako.

"Wapangaji ndio wachafu"

Mpangaji hachimbi karo wala haweki mlizamu. Mwenye nyumba ndiye anayepokea kodi.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Kwa nyumba ya matofali, sawa. Kwa nyumba za Mji Mkongwe, ambao tangu 2000 ni urithi wa dunia, ni kinyume. Kuta zile ni za mawe, udongo na chokaa, na unyevu huingia na kutoka kama pumzi. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani, chokaa hulegea, boriti huoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Na nyumba zimeegemeana: unyevu uliouzuia wewe utatokea chumbani kwa jirani. Kwanza nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba kibali, kisha tafuta fundi anayejua chokaa. Kabla ya hapo, gonga ukuta kwa kidole. Ukitoa mlio mtupu, lipu imeshaachana na jiwe. Bisha hodi upande wa pili, muutazame ukuta huo wote wawili.