Kumpaka kichanga chumvi hakumzuii kunuka jasho ukubwani

Uturuki kuna mila ya zamani inaitwa tuzlama, mtoto akishazaliwa anapakwa chumvi mwili mzima, anafunikwa kwa muda halafu anaogeshwa, na wanaoiamini wanasema akikua hatanuka jasho. Manesi wa jamii wa huko wameiandika sana kwenye tafiti zao, na mara nyingi anayeshauri ni bibi, kwa upendo kabisa.

Ila jasho lenyewe halina harufu kihivyo, harufu inaletwa na bakteria wa kwenye ngozi wakikutana na jasho la kwapani, na tezi za jasho hilo zinaanza kazi mtu akibalehe, kwa hiyo chumvi ya siku za mwanzo haizigusi. Ngozi ya kichanga ni nyembamba mno jamani, chumvi inapenya mpaka kwenye damu, inaweza kumkausha maji mwilini, kumuunguza ngozi, kumletea degedege na hata kumuua. Hili linaniuma kweli.

Cheki mwenyewe: nusa kwapa la mtoto wa miaka 4 ambaye hajawahi kupakwa, halinuki. Halafu waulize watu wazima waliopakwa kama wameacha kutumia diodoranti. Bibi akisisitiza, mwite nesi waongee pamoja, kuogesha maji ya uvuguvugu tu kunatosha.